Uzoefu wangu na setingi ya kuchuja vifaa kwa MAC kwenye ruta

Nimeitumia hii setingi muda mrefu sasa, naipa nyota 3 kati ya 5, na nataka nieleze kwa nini maana naona watu wengi wanaiwasha wakidhani wameshamaliza kazi.

Iko hivi, unaingia kwenye ruta kwa brauza (nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1), unakuta orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa, kila kimoja na MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, ya herufi na tarakimu 12, halafu unachagua: ama unawafungia unaowataja na wengine wote wanapita, ama unawaruhusu unaowataja tu na wengine wote wanabaki nje. Hiyo ya kwanza haina maana kabisa siku hizi, kwa sababu simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatumia MAC ya kubuni, yaani mtu umemfungia, anagusa setingi moja tu kwenye simu yake anarudi na namba nyingine na ruta inamwona ni mgeni mpya.

Mi nimebaki na ya pili. Inafanya kazi vizuri ila inataka uvumilivu. Simu ya mdogo wangu iligoma kuunga, paswadi iko sawa, namba nimeiandika vilevile ilivyo kwenye sehemu ya kuhusu simu, bado inakataa, kumbe ile namba siyo ambayo simu inaitumia kwenye waifai yetu. Angalia herufi ya pili ya MAC, ikiwa 2, 6, A au E basi hiyo karibu kila mara ni ya kubuni. Dawa yake ni kufungua setingi za mtandao huo kwenye simu na kuchagua itumie MAC halisi ya kifaa, baada ya hapo haikusumbua tena.

Sasa nyota mbili nimezikata wapi? MAC inasafiri wazi hewani hata kama waifai yako ina WPA2 (aina ya ulinzi wa waifai), kwa hiyo mtu mwenye programu ya kunasa anaiona, anainakili, anaingia kama yeye ndo wewe, mradi tu awe na paswadi. Paswadi ndo kila kitu jamani! Weka ndefu, chagua WPA3 (ulinzi mpya zaidi) kama ruta na vifaa vyako vinaikubali, la sivyo WPA2 yenye AES (njia ya kuficha data), na WPS ya PIN (njia ya kuunga kifaa kwa PIN bila kuandika paswadi) izime kabisa, ile PIN ina tarakimu 8 lakini ruta inaikagua nusu nusu, ndo maana tangu 2011 inajulikana kwamba majaribio 11,000 tu yanatosha kuipata.

Na paswadi ikishasambaa (siku hizi mtu anaonyesha QR tu na mwenzake ameingia) usihangaike kufukuza mmoja mmoja, ibadilishe, wote wanatoka kwa mpigo.

Kwa wageni mi nimewafungulia mtandao wao pembeni wenye paswadi yake, ruta nyingi zinao, sihitaji kuandika MAC ya mtu yeyote. Ukiuwasha hakikisha na kile kipengele cha kuzuia vifaa visionane kimewashwa, kwenye ruta yangu kilikuja kimezimwa.