Oncotype DX: dada kaepuka kemo

Jamani hiki kipimo nakipa nyota nne. Dada yangu yuko Houston, kansa yake ya titi ni ile inayolishwa na homoni, HER2 hasi (yaani haina wingi wa ile protini ya HER2 inayochochea kansa), haijafika kwenye tezi za kwapa, daktari akasema kabla hatujakimbilia kemo tupime kwanza, wakachukua kile kinyama kilichotolewa kwenye operesheni wakakituma maabara California, hakuna kuchomwa tena. Wanasoma jeni 21 wanakupa namba, 0 mpaka 100, ikiwa juu hatari ya kansa kurudi ni kubwa. Ana miaka 58, akapata 14, na utafiti wa TAILORx wa 2018 ulionyesha ukishavuka miaka 50 na namba ikiwa 25 kushuka chini kemo haikuongezei kitu, vidonge vya kuzuia homoni vinatosha. Nyota moja nimekata sababu ya bima, mweh, anakupigia mtu hata kipimo chenyewe hakijui! Ila kama kansa yako ni HER2 chanya usihangaike nacho, hakikuhusu.