Leveli ya leza ya kijani: miezi minne kazini Kigoma

Miaka yote ya kupiga marumaru nimetegemea mpira wa maji na uzi kupata usawa. Mwaka huu nikanunua leveli ya leza, mashine inayochora mstari wa usawa ukutani kwa mwanga, ile ya mstari wa kijani, kwa sababu nimechoka kupitwa na vijana wa mtaa wa Mwanga.

Ndani ya nyumba sina neno. Kuna sebule Katubuka, zamani ningehitaji kijana wa kushika ncha ya pili ya mpira; safari hii nilipanga mstari wa kwanza peke yangu kabla chai haijapoa. Nikailinganisha na mpira kwenye ukuta wa mita 8: havikupishana hata unene wa penseli. Na kijani jicho hukidaka upesi. Mwekundu wa jirani yangu, mchana unautafuta ukutani kama sindano.

Kasheshe ilianza Bangwe. Niliisahau dirishani, jua la saa saba likaikaanga. Kuwasha, mstari umefifia. Nikabadilisha betri, wapi! Nikaiweka kivulini nusu saa, ikarudi yenyewe.

Mpwa wangu anasoma fizikia. Akanieleza kwamba diodi iliyomo, yaani kile kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga, hutoa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808. Fuwele ya kwanza huunywa na kutoa wa 1064, ya pili huukata urefu huo nusu ukawa 532, ndio kijani chenyewe. Nyuso za fuwele zimepakwa tando nyembamba zinazofanya kazi ya vioo: 808 inapita, 1064 inarudishwa ndani. Diodi ikipata joto, mwanga wake unahama kidogo na fuwele haiunywi vizuri tena.

"Usione haya, mjomba," akasema. "Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Ujerumani, watu wa leza tulivu kupindukia, zile ambazo mwanga wake karibu haubadiliki kabisa, waliripoti kwamba vioo vyao vyenye tando za fuwele vinabadilika kwa kupigwa tu na mwanga." Na vile huwekwa kwenye baridi kali, si dirishani Bangwe.

Basi kabla hujatoa pesa, soma kibandiko cha onyo kwenye mashine. Kikisema 532, jua kuna fuwele, ilinde na jua. Ikiandikwa kama 520, ni diodi ya kijani yenyewe, haina mlolongo huo. Mimi nilirudi dukani kuuliza kama wanayo ya 520. Muuzaji akanitazama kama nimemtukana.