SafAle S-04: hamira ninayoitegemea kwa bia nyeusi

Shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi kama kahawa huleta uchungu wake kwenye bia. Uchungu huo unaweza kunoga mdomoni au kukwaruza koo, na kinachoamua zaidi ni kiasi cha sukari ambacho hamira imekiacha bila kukila. Hapa Leeds, Uingereza, wapo watengeneza bia wa nyumbani wanaobishana usiku kucha juu ya kimea na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu na harufu, halafu hamira wanachukua yoyote iliyo karibu na kaunta. Kwa porta na stauti, aina mbili za bia nyeusi, mimi huanza na hamira.

S-04 ya kampuni ya Fermentis ni hamira kavu ya asili ya Kiingereza. Pakiti ndogo ina gramu 11.5 na inatosha ndoo ya lita 20. Naimwaga juu ya maji ya kimea yaliyopoa hadi nyuzi 18 na kufunika, na kesho yake asubuhi povu limeshapanda. Porta yangu ya kawaida huanzia 1.050 kwenye haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo, na kutulia karibu na 1.014 hamira ikishakula sehemu yake. Hapo ndipo ninapopataka: ladha ya chokoleti na mkate uliobanikwa inasimama, na bia ina uzito kinywani. Kuna pia harufu hafifu ya tunda bivu. Kwenye bia nyepesi ingenikera, lakini kwenye porta inakamilisha kazi ya kimea. Joto likizidi nyuzi 20 tunda hilo huanza kutawala, kwa hiyo kipimajoto hakibanduki kwenye ndoo yangu.

Uzuri wake mwingine ni kwamba inazama na kushikana chini, unamimina chupa karibu yote bila kutibua mashapo. Tabia hiyohiyo ndiyo kasoro yake. Usiku ukiwa wa baridi inaweza kuzama kabla haijamaliza kazi. Tikisa ndoo taratibu, isogeze penye joto, na usijaze chupa mpaka haidromita ikupe namba ileile siku mbili tatu mfululizo, maana chupa zenye sukari iliyobaki hupasuka.

US-05, hamira nyingine ya kampuni hiyohiyo, ni safi mno kwa porta ya Kiingereza. Bia inatoka kavu, yaani bila utamu, na haina tabia yake. Ibakize kwa stauti yenye hopsi nyingi za Kimarekani au uliyotia kahawa, kwa sababu yenyewe inajiweka pembeni.

Nottingham, hamira ya kampuni ya Lallemand, inakula sukari zaidi, lakini inafanya kazi hata kwenye nyuzi 12, na gereji za huku kwetu Yorkshire mwezi wa Januari ndivyo zilivyo. Nikiitumia, naloweka kimea kwenye nyuzi 68 badala ya 65, ili zibaki sukari nyingi isizoweza kuzila. Windsor, ya Lallemand pia, ni kinyume chake: haiwezi kula maltotriozi, moja ya sukari kuu za kimea, hivyo bia hubaki nzito na tamu. Kwa bia nyeusi hafifu ya asilimia 3.5, ambayo ingekuwa na ladha ya maji, Windsor ni ya ajabu kabisa!

Stauti kavu ya Kiayalandi ndiyo inayoishinda S-04. Hapo Wyeast 1084, hamira ya majimaji, ni bora, nalisema wazi. Lakini bei yake ni kama mara mbili au zaidi, na inataka friji njia nzima. Duka moja liliniuzia pakiti iliyokaa rafuni kwenye joto, na haikuamka. Sasa naiagiza majira ya baridi tu.

Ndugu zangu wa Moshi huniuliza kama hamira ya maandazi itafaa, maana kimea cha ulezi wanakijua vizuri kwa mbege. Bia itachacha, ndiyo, lakini haitakaa chini vizuri na itabaki na ladha ya unga. Heri mtu akubebee pakiti kadhaa za S-04 kwenye begi. Ni kavu, zinavumilia safari, kisha ziwekwe kwenye friji. Pakiwa na joto, kalisha ndoo kwenye beseni la maji, izungushie taulo lililolowa, na ubadilishe maji asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda zaidi, kwa sababu hamira yenyewe inapofanya kazi kwa nguvu hupandisha joto la ndoo.