Uzoefu wangu na Linux Mint: skrini ya bluu ya sekunde 10

Naandika hasira ikiwa bado haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia. Wiki kadhaa zilizopita niliiondoa Windows 10 kwenye kompyuta ya mezani ya dukani kwangu, nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Nina steshenari Mbagala: kuchapa, kutoa kopi, laminesheni, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mashine ni ya mtumba, Windows 11 haiikubali, na ile 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hela ya mashine nyingine sina, na hii bado ina nguvu zake. Basi nikaamua.

Kuiweka hakukunisumbua hata kidogo. Sitaeleza hatua moja moja, video zimejaa kila mahali. Ikawaka safi, nyepesi kuliko nilivyoizoea kwa miaka. Printa nilichomeka waya tu, ikajitokeza yenyewe kwenye orodha, bila CD wala kuhangaika na draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Karatasi ya kwanza ilitoka hata kiti sijakalia. Ningeulizwa saa ile ningewapa nyota zote na kuwaombea dua.

Kisha nikatafuta WiFi. Hakuna. Sisemi mtandao ulikuwa dhaifu, nasema alama yenyewe ya WiFi haikuwepo. Na steshenari isiyo na intaneti siku hizi ni meza na viti tu.

Nikaja kuelewa kwamba kadi yangu ya WiFi ina chipu ambayo watengenezaji wake hawajaifungulia watu draiva yao, kwa hiyo haimo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, kama zilivyo nyingine, inaongezwa baadaye. Hapo Mint walifikiria vizuri, nawapa haki yao: kuna programu inaitwa Driver Manager, na kama huna intaneti inakuambia uirudishe ile flashi uliyosakinishia, kwa sababu draiva wameihifadhi humo humo. Nikairudisha. Ikaitambua kadi, nikachagua, ikaanza kufanya kazi. Katikati likatokea dirisha la maelezo kuhusu Secure Boot, ule ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, likanitaka nitunge neno la siri, kwamba nitaulizwa baada ya kuwasha upya. Nikatunga. Nikawasha upya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yote yaliharibikia hapa.

Ukiwasha upya, kabla ya kitu kingine chochote, inakuja skrini ya bluu. Inakuambia kwa Kiingereza kitupu ubonyeze kitufe chochote, na chini sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia 10. Usipobonyeza, inaondoka na kompyuta inaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Haikuulizi tena kesho. Haiachi ujumbe wowote kwamba kuna jambo hukulimaliza. Skrini yangu ni ya zamani, peke yake inachukua sekunde kadhaa kuamka. Na mbele yangu alikuwa amesimama binti na fomu zake za mkopo, anaomba kopi za cheti cha kuzaliwa. Nimegeuka kuweka cheti juu ya kioo, nimefunga mfuniko, nimegeuka tena, naona bluu inafutika. Nikadhani ni sehemu ya kuwaka.

WiFi hakuna. Driver Manager inasema draiva imeshawekwa. Nikaiondoa nikaiweka tena, nikazima nikawasha, nikachomoa kadi nikapuliza vumbi. Jioni nilifunga duka nikiwa nimewarudisha wateja wanane, wengine wa kila siku.

Kesho yake nikaibeba CPU mpaka kwa fundi mmoja mjini, nikiwa na mtoto wa kaka yangu anisaidie kuinyanyua. Jina la fundi sitaji. Nimefika, nimesalimia, hakuitikia. Nikaeleza tatizo tangu mwanzo. Alipoona nembo ya Mint akacheka, halafu akamgeukia mtoto, wa kidato cha 3, akaanza kuongea naye kana kwamba mimi sipo. "Dogo, mama yako alikuwa anatafuta nini huku? Linux haina WiFi. Hizi ni za wadukuzi na maseva. Mwambie nimpigie window, elfu thelathini, asubiri hapo nje."

Mtoto akasema, "Huyu ni shangazi, na mashine ni ya kwake."

Nikamwambia, "Kaka, niongeleshe mimi, mimi ndiye mwenye swali." Akasema, "Sawa mama," macho yakiwa kwenye simu yake. Hakuandika amri hata moja. Hakufungua chochote. Na tulipoinua mashine yetu kuondoka akadai 5,000 ya kuangalia. Nililipa, kwa sababu sikutaka mtoto aone nagombana barabarani. Hiyo 5,000 inaniuma kuliko wale wateja wanane. Mtu anakuambia uongo kwa sauti ya ujuzi, anakudharau mbele ya mtoto wako, na unamlipa!

Usiku huo nilikuwa tayari kurudisha Windows. Nasema kweli, flashi yake nilikwishaiandaa. Ila lile neno "haina WiFi" lilinikaa kooni.

Siku ya tatu nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushea intaneti kwa USB, na Mint ikaipokea palepale, bila kuuliza kitu. Kama kuna mmoja wenu amekwama kama mimi, anzeni hapo! Ningelijua hilo siku ya kwanza wale wateja wasingeondoka. Masasisho ya mwanzo yalinilia nusu ya bando la wiki, lakini nikapata pa kusomea. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikailazimisha draiva ya kadi yangu, iitwayo wl, iingie:

sudo modprobe wl

Ikakataa, ikaandika "Key was rejected by service". Ndipo nikaelewa. Draiva ipo, nzima, ila Secure Boot haiutambui ufunguo uliotumika kuitia saini. Ile skrini ya bluu ndiyo ilikuwa mahali pa kuuandikisha ufunguo huo, na mimi nilikuwa natoa kopi ya cheti. Tiba yake ni mstari mmoja, unaoiita skrini ile irudi:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Unatunga neno la siri, unawasha upya, na safari hii huondoki. Nilisimama mkono juu ya kibodi. Bluu ikaja, nikabonyeza, nikachagua "Enroll MOK" (MOK ndio ule ufunguo), kisha "Continue", kisha "Yes", nikaandika neno la siri, nikawasha upya. WiFi zote za mtaa zikajipanga mbele yangu, mpaka ya duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Nilipiga kelele, jirani muuza chipsi akaja mbio akidhani ni umeme.

Furaha yenyewe haikudumu, hasira ikarudi upya. Siku tatu kwa ajili ya sekunde 10? Najua Secure Boot ina kazi yake, inazuia programu chafu isijiingize kabla mfumo haujawaka, siibishii. Lakini kwa nini Driver Manager inaniambia draiva imewekwa bila kuongeza kwamba ufunguo haujaandikishwa? Na kwa nini Kiingereza peke yake? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Menyu kwa menyu! Watu wetu walishaifanya kazi hiyo, halafu leo mama wa Mbagala anawekewa onyo moja la maana kuliko yote kwa lugha anayoisoma akiwa na haraka, kwa sekunde 10.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msiisogelee Mint. Siwezi. Tangu siku ile haijaniangusha, keneli imeshasasishwa na WiFi ipo palepale, na CV za watu zilizoandikwa kwa fonti ya Calibri zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, bila mistari kuhama, maana kuna fonti iitwayo Carlito yenye vipimo vilevile. Mashine inawaka kabla sijamaliza kufagia. Kwa mwenye steshenari ningesema weka, weka kesho. Kwa skrini ya bluu siwapi hata nyota moja, na yule fundi simsamehei.

Jumamosi naiwekea mashine ya pili. Nimeandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, BLUU IKIJA BONYEZA KITUFE CHOCHOTE, USINGOJE, nimeipitisha kwenye laminesheni na kuibandika juu ya CPU. Mtoto wa kaka ndiye atakayekaa kwenye kibodi, na duka litakuwa limefungwa.