Taa za Pikipiki ya Porini: Kagua Waya Kabla ya Kuuliza Mwanga

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wasomaji waliofunga taa kwenye pikipiki zao za porini yanafanana mno: taa iliwaka vizuri siku za mwanzo, ikaanza kufifia kwenye kona, kisha ikazimika kabisa, na fundi alipoifungua akakuta balbu ni nzima. Kwa hiyo sitazungumzia lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, wala umbali wa mwanga, mambo ambayo kila boksi huyatangaza kwa herufi kubwa. Nitavipanga vifaa hivi kwa kigezo ambacho maboksi hayakitaji, yaani waya unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye taa, hasa pale unapopita kwenye shingo ya usukani.

Mahali hapo waya hupindwa kila usukani unapogeuzwa, na kwenye njia ya mawe na matope usukani hautulii. Waya wenye nyuzi chache na nene za shaba huchoka na kukatika ndani kwa ndani, huku mpira wake wa nje ukionekana mzima. Ukitaka kulipata jeraha hilo, ushike waya kwa mikono miwili na uuvute polepole, kipande kwa kipande. Palipokatika shaba, mpira utavutika kuliko kwingine kote. Waya ulioungwa kwa kutiwa risasi ya kulehemu karibu na shingo hukatika mapema zaidi, kwa sababu risasi hupanda kati ya nyuzi na kuzikakamaza, na mpindo wote ukaelemea pale ukakamavu unapokoma. Tena zipo seti zisizo na waya wa hasi unaojitegemea. Hizo huutegemea mkono wa chuma unaoshika taa, na umeme hulazimika kurudi kupitia beringi za usukani zilizojaa grisi. Taa ya namna hiyo itapepesa hata ikiwa mpya.

Nafasi ya kwanza naipa Baja Designs, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1992, wala sifichi kwamba naipendelea. Kampuni hii ilijijengea jina kwa seti za kuifanya pikipiki ya porini ifae pia barabarani, na anayetengeneza seti ya namna hiyo hulazimika kuufikiria waya wote, kuanzia swichi ya usukani hadi taa ya nyuma. Taa zake za Squadron kwa ajili ya pikipiki huuzwa kwa matoleo mawili, moja la mkondo geu (AC) na jingine la mkondo mnyoofu (DC), jambo linalomlazimisha mnunuzi kuujua umeme wa pikipiki yake kabla hajatoa fedha. Swali hilo ni zito. Pikipiki nyingi zisizo na betri huchukua umeme wa taa moja kwa moja kutoka kwenye koili ya stata, sehemu ya injini inayozalisha umeme. Umeme huo ni mkondo geu, na hupanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Pasipo regureta ya kuushikilia karibu na volti 14, balbu itaungua siku utakapokandamiza mafuta kwenye mteremko mrefu.

Trail Tech inashika nafasi ya pili, na kwa mwenye pikipiki ya motokrosi huenda ndiyo ikawa ya kwanza. Pikipiki hizo kwa kawaida hutoka kiwandani bila umeme wa kutosha kuwasha taa, na kampuni hii huuza stata zenye nguvu zaidi pamoja na regureta zinazougeuza mkondo kuwa mnyoofu. Naiweka chini ya Baja Designs kwa sababu moja tu: ubora wa njia ya waya hadi kwenye taa utategemea zaidi mkono wa fundi wako.

Acerbis ya Italia na Polisport ya Ureno hutengeneza barakoa nzuri za plastiki, yaani vifuniko vya mbele vinavyoishika taa, zinazofungwa kwa mikanda ya mpira na kuvuliwa upesi. Hata hivyo, mnunuzi aelewe kwamba ananunua nyumba ya taa, si mfumo wa umeme. Balbu ya wati 35 huvuta takribani ampea 3, kiasi ambacho waya wa milimita 1 ya mraba wenye nyuzi nyingi nyembamba hukibeba bila taabu, mradi uuwekee fyuzi ya ampea 5 na kuuachia ulegevu wa kutosha usukani ugeuke mpaka mwisho pande zote mbili.

Taa za bei ya chini zisizo na jina sizipangi. Anayelazimika kuzinunua aukate waya zilizokuja nao na kuubadilisha wote.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji. Picha zao huonyesha kioo cha taa kutoka kila upande, lakini mgongo wake, unakotoka waya, hauonekani hata mara moja. Ukiuliza unene wa waya hujibiwa kwa idadi ya lumeni. Ukiuliza kama regureta imo, huambiwa kwamba inauzwa kando, na hilo husemwa baada ya malipo. Bei nayo hupandishwa kwa sababu boksi limeandikwa neno la mashindano, ilhali soketi iliyomo ndani ni ile ile isiyo na mpira wa kuzuia maji, ambayo itaota kutu ya kijani baada ya kuvuka mto.