Kuuza mlango kwa mlango Nairobi: soma kamisheni kabla ya kuvaa fulana ya kampuni

Matangazo ya kazi hii hayakauki kwenye nguzo za stima na magrupu ya WhatsApp: vijana wenye bidii wanatakiwa, uzoefu si lazima. Bidhaa zenyewe kwa kawaida ni intaneti ya faiba, bima, sola za kulipa polepole na vyombo vya jikoni. Kazi yenye mshahara mdogo wa kudumu pamoja na kamisheni tunaipa alama saba kwa kumi. Ya kamisheni tupu, tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za ujuzi tu.

Hesabu ndiyo inayotutenganisha na matangazo. Chukua mfano wa kijana anayeuza faiba kwa kamisheni ya shilingi 800 kila nyumba. Nauli 200, chakula 150, bando 50: jumla 400 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni 9,600. Mwezi huo ameandikisha wateja 30, na huo ni mwezi wa jasho. Lakini kamisheni haiivi kwa sahihi ya mteja. Hulipwa fundi akishafunga waya, na kampuni nyingine huichukua tena mteja asipolipia mwezi wa pili. Tuseme waliofungiwa ni 20, na watatu kati yao wakaacha. Wanabaki 17, sawa na 13,600. Ondoa gharama: mkononi kuna 4,000. Akiwa na 10,000 za kudumu atalipa kodi ya chumba. Asipokuwa nazo, mwezi wa pili anakopa nauli.

Wale kumi walipotelea wapi? Kisanduku cha faiba cha ploti (jengo la wapangaji) kilikuwa kimejaa, maana vingi vina nafasi 8 au 16 tu. Au mwenye ploti hakutaka ukuta utobolewe. Au jina la kwenye fomu halikulingana na la kitambulisho. Au fundi alichelewa siku tano na mteja akachukua kampuni nyingine. Sababu tatu za kwanza zinazuilika kabla ya kubisha mlango hata mmoja: muulize keyateka, yaani mwangalizi wa ploti, ni nyaya za nani zimeingia, omba kuona kisanduku, na nakili jina kutoka kwenye kitambulisho, usiandike la kutajiwa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, uliza kamisheni inalipwa lini, inarudishwa kukitokea nini, na ndani ya miezi mingapi. Majibu yawe kwenye karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, ila kampuni nyingi humwita muuzaji "wakala wa kujitegemea", na hapo haimpi likizo wala kumchangia NSSF, mfuko wa pensheni. Ukidaiwa ada ya usajili, ada ya mafunzo, au ununue bidhaa kwanza ndipo uanze, ondoka. Ondoka pia pesa kubwa ikiwa inatokana na kuandikisha vijana wengine na si na bidhaa kufika kwa mteja. Huo ni mchezo wa piramidi.

Bima ina ngazi ndefu kuliko zote, na mlango wake ni mgumu zaidi. Wakala lazima awe na cheti cha umahiri na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, nayo hulipiwa upya kila mwaka. Kamisheni ya wakala hukatwa kodi ya asilimia 10 kabla haijamfikia. Mteja akiacha kulipa mapema, kamisheni hurudishwa, kwa hiyo kumshawishi mtu asiyemudu malipo ya kila mwezi ni kujikopesha pesa zako mwenyewe.

Eneo linaamua mengi kuliko ulimi. Anayeishi Pipeline akipangiwa Kilimani atapanda matatu mbili kupitia mjini, kisha asimamishwe getini na soja mwenye amri ya kutoruhusu wauzaji. Omba maeneo yanayopakana na yanayotembeleka kwa miguu: Pipeline na Tassia, Umoja na Tena, Zimmerman na Roysambu. Wateja wapya wa intaneti hupatikana kati ya mwisho wa mwezi na tarehe tano, wakati watu wanahama. Siku za kazi, saa za dhahabu ni kuanzia kumi na moja na nusu jioni hadi moja na nusu usiku. Asubuhi mara nyingi atafungua dada wa kazi, ambaye si mnunuzi.

Hapo wauzaji wengi wageni hukosea. Humuuliza, "Mwenye nyumba hurudi saa ngapi?" Swali hilo ndilo mwizi angeuliza, na dada ana haki ya kufunga mlango. Mwachie karatasi yenye namba ya kampuni, sema utapita jioni, ushukuru. Piga hodi, rudi nyuma hatua mbili, kitambulisho cha kazi kionekane kifuani. Daftari liwe na ukurasa mmoja kwa kila ploti: ghorofa, namba ya mlango, alichosema aliyefungua, siku ya kurudi. Anayesema "rudi mwisho wa mwezi" na kweli ukarudi hukusikiliza kwa sikio jingine kabisa.

Pesa za mteja ziende moja kwa moja kwenye paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya kampuni, kamwe zisipite kwenye namba yako, hata mteja akikusihi. Picha ya kitambulisho ipigwe ndani ya programu ya kampuni. Ikibaki kwenye simu yako au kwenye grupu la timu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Na mwambie mteja wazi kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa siku 10 baada ya kupokea nakala ya mkataba kubadili nia. Wasimamizi wengine hukataza kulisema hili. Ni kosa, kwa sababu anayejua anaweza kutoka hutia sahihi bila hofu, na anayetoka ndani ya siku 10 anakugharimu kidogo kuliko atakayetoka mwezi wa pili.

Mvua za Machi hadi Mei hupunguza milango kwa siku na fundi hachimbi, hivyo usianze kazi ya kamisheni tupu Aprili bila akiba ya gharama za miezi miwili. Kila mwezi omba taarifa ya kamisheni yenye majina ya waliofungiwa na walioacha, uihifadhi. Ukiomba nafasi ya kiongozi wa timu, au kazi ya kuuzia biashara badala ya nyumba, karatasi hizo za miezi 12 ndizo zitakazosomwa.