Koleo dogo lililookoa kadi zangu: uzoefu wangu wa kufungua makasha

Kadi ya kwanza ya mkusanyo (kama zile za picha za wanamichezo) niliyoitoa kwenye kasha la plastiki, ambalo kampuni ya kupima ubora wa kadi huifungia kadi ikishaipa alama, niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilichomeka bisibisi bapa ubavuni, nikabinua kwa nguvu. Plastiki ikapasuka ghafla, bisibisi ikateleza hadi ndani, na kona ya chini ya kadi ikakunjika mpaka weupe wa karatasi ukaonekana. Ilikuwa imepewa alama 8 kati ya 10. Iliniuma sana.

Tangu siku hiyo natumia koleo dogo la kukatia, lile ambalo mafundi wa elektroniki hukatia ncha za waya kwenye bodi. Nimeshafungua makasha 12 kwa koleo la aina hiyo na hakuna kadi nyingine iliyoumia.

Makasha mengi ya kadi zilizopimwa, yakiwemo ya kampuni ya PSA, ni vipande viwili vya plastiki ngumu vilivyoyeyushwa kingoni kwa mtetemo wa kasi kubwa hadi vikashikana. Huwezi kuvitenganisha bila kuvunja, na ni makusudi, kwa sababu kasha lingefunguka kirahisi mtu angebadilisha kadi bila kujulikana. Kwa hiyo kasha litavunjika tu. Cha kuamua ni livunjikie wapi.

Mimi naanzia juu, kwenye lebo, kwa kuwa hapo ni mbali na kadi. Natandika kitambaa, navaa miwani ya kinga (usiiache, vipande huruka), kisha nakata kona mbili za juu, kidogo kidogo, kama mtu anayekata kucha za mtoto. Nafasi ikipatikana, naingiza ncha ya bisibisi milimita chache tu na kuizungusha kama ufunguo. Siibinui tena. Utasikia mlio mkavu na kuona mstari mweupe ukikimbia kwenye kiungo. Ndio ufa unaoutaka. Nashuka nao ubavu mmoja, halafu wa pili, mpaka kasha linafunuka kama kitabu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaikimbilia kadi. Tulia kwanza uangalie chembe. Punje ya plastiki iliyokaa juu ya kadi yenye mng'ao, ukiiburuza hata kidogo, inachora mstari usiofutika. Mimi nainamisha kasha, napuliza kwa kipulizio cha mpira kile cha kusafishia lenzi, ndipo naishika kadi kingoni na kuiingiza kwenye mfuko laini.

Makasha ya Beckett, kampuni nyingine ya kupima kadi, yalinitoa jasho. Plastiki yake ni nene na koleo langu lilihitaji kurudia mara nyingi. Ila ndani kadi imevikwa mfuko wake mwembamba, hivyo chembe haziifikii, na mfuko huo naukata taratibu kwa mkasi, upande ambao kadi haijagusa.

Kasoro za koleo ni mbili. Mpini ni mfupi, na baada ya kufungua makasha matatu mfululizo kiganja kinauma. Pia makali yanaingia mapengo haraka. La kwanza lilianza kutafuna badala ya kukata, nikalazimika kununua jingine.

Kabla hujakata, jua kwamba alama inakufa kasha likifunguka. Kama lengo lako ni kadi ipimwe upya na kampuni nyingine, zipo zinazopokea kadi ikiwa bado ndani ya kasha la mwenzao, nawe unataja alama ya chini unayoikubali. Isipofikia, kadi inarudi ilivyo. Ningejua hilo mapema, makasha mawili kati ya yale 12 nisingeyagusa. Lebo pia usitupe. Irudishe kwa walioitoa ili kadi yako isiendelee kuhesabiwa kwenye orodha ya zilizopimwa.

Koleo linapata nyota 4 kati ya 5 kutoka kwangu. Hiyo moja nimeipunguza kwa ajili ya mpini.